John Bunyan: mfungwa aliyetuachia Safari ya Msafiri



Mara nyingi baada ya ibada, kijana au mama fulani hunifuata na swali ambalo huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Anataka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kusoma riwaya, au romani kama wengi wanavyosema huku kwetu. Baadhi ya wazee wetu walifundishwa kwamba hadithi ya kubuni ni uongo, na sisi sote tunajua Yohana 8 inasema nini juu ya baba wa uongo. Kwa hiyo mtu akipata kitabu cha namna hiyo anakisoma usiku na kukificha chini ya mto. Mimi pia nilificha vyangu nilipokuwa kijana.

Leo nitajibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Naye aliulizwa na ndugu zake wa kanisa, zaidi ya miaka 300 iliyopita, akiwa ameshika mkononi hadithi ambayo bado haijachapwa. Jina lake ni John Bunyan.

Mtoto wa fundi wa sufuria

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba sufuria na vyombo vya shaba, kazi ya watu wa chini. John alipelekwa shule akajua kusoma na kuandika, lakini hakukaa huko sana. Alirudi nyumbani kujifunza kazi ya baba yake.

Mwaka 1644 ulimpiga mara tatu. Mwezi wa Juni mama yake alifariki. Mwezi wa Julai dada yake Margaret naye akafariki. Kabla Agosti haijaisha, baba yake alikuwa ameoa mke mwingine. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 16, aliingia katika jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na Mfalme Charles wa Kwanza. Sisi tunaoishi Mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto wa miaka 16 kushika bunduki. Siku moja alipangwa kwenda mahali pa vita, na askari mwenzake akaomba aende badala yake. Mwenzake huyo alipigwa risasi ya kichwa akafa. Bunyan hakusahau jambo hilo maisha yake yote.

Baada ya vita alioa msichana maskini kama yeye. Nyumbani mwao hawakuwa hata na sahani na kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili tu alivyoachiwa na baba yake, vyote vya mambo ya Mungu. Kimoja, cha Arthur Dent, kimeandikwa kama mazungumzo ya watu wanne wa kubuni wanaojadiliana juu ya njia ya kwenda mbinguni. Mumewe alivisoma pamoja naye. Tukumbuke basi kwamba mojawapo ya vitabu vya kwanza vilivyomgusa Bunyan kilikuwa tayari kinatumia watu wasiokuwako kusema kweli iliyoko.

Akaanza kwenda kanisani na kupenda kuongea habari za dini, akijiona mtu mwema. Siku moja alipokuwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake watatu au wanne maskini wameketi mlangoni, wakiota jua na kuzungumza juu ya kuzaliwa upya. Alisogea asikilize, maana naye alijiona mjuzi wa mambo hayo, lakini akakosa la kusema. Aliona kwamba mama hao walikuwa na furaha ambayo yeye hakuwa nayo.

Walimpeleka kwa mchungaji wao, John Gifford. Hata hivyo amani haikuja haraka. Kwa miaka kadhaa aliteswa na mashaka mazito, hata akaamini kwamba amemuuza Kristo na hawezi kusamehewa tena. Ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia ulimsaidia sana. Polepole alishika neema, na katika miaka ya 1650 akaanza kuhubiri huku akiendelea kuziba sufuria.

Miaka 12 gerezani

Mwaka 1660 ufalme ulirudi Uingereza chini ya Charles wa Pili. Makanisa yaliyokuwa nje ya kanisa la serikali yalianza kubanwa. Tarehe 12 Novemba mwaka huo Bunyan alikwenda kuhubiri katika nyumba moja kwenye kijiji cha Lower Samsell. Alionywa mapema kwamba kuna amri ya kumkamata, na nafasi ya kukimbia alikuwa nayo. Alifikiri kwamba akikimbia, waamini wachanga wataogopa. Akafungua mkutano kwa maombi, na askari wakaingia.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1593: miezi mitatu gerezani, kisha kufukuzwa nchini asipokubali kuacha mikutano, na akirudi bila ruhusa, kunyongwa. Hawakumfukuza. Walimwacha gerezani Bedford, na ile miezi mitatu ikawa miaka 12.

Hapa ndugu msomaji uangalie vizuri. Mlango wa gereza hilo ungeweza kufunguliwa kwa ahadi moja. Angeahidi tu kwamba hatahubiri tena, angerudi kwa watoto wake. Maofisa walimjia zaidi ya mara moja kumshawishi, na wengine walimsemesha kwa upole. Alikataa kila mara.

Nyumbani kulikuwa na gharama. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka 1658 na kumwachia watoto wanne. Mkubwa, Mary, alizaliwa kipofu. Mke wa pili, Elizabeth, alikuwa na mimba mume wake alipokamatwa. Kwa mshtuko aliingia uchungu kabla ya wakati, na mtoto akafa. Hata hivyo mwaka 1661 mama huyo kijana alisimama mbele ya mahakimu, katikati ya wanaume wakubwa wa mji, akamtetea mumewe. Aliwaeleza kwamba ana watoto wanne wasioweza kujitegemea, mmoja haoni, na kwamba wanaishi kwa misaada ya watu. Hakimu Matthew Hale alimhurumia, lakini hakumfungua Bunyan.

Bunyan hakujifanya shujaa. Ameandika wazi kwamba kutengana na familia kulimrarua, hasa akimfikiri yule binti kipofu aliyekuwa karibu na moyo wake kuliko wote. Ameandika pia kwamba aliogopa kitanzi. Aliogopa kwamba akipandishwa ngazi ya kunyongwa, magoti yatatetemeka mbele ya watu, na Injili itadharauliwa kwa sababu yake. Ili kuwalisha watoto alitengeneza gerezani maelfu ya kamba zenye ncha za chuma, za kufungia viatu na nguo, na kamba hizo ziliuzwa nje. Karibu naye aliweka Biblia na kitabu cha John Foxe juu ya wafia imani. Humo gerezani aliandika ushuhuda wa maisha yake, uliochapwa mwaka 1666.

Alifunguliwa mwaka 1672, mfalme alipolegeza sheria kwa muda, na kanisa la Bedford lilikuwa limekwisha kumchagua awe mchungaji wake.

Hadithi iliyomjia bila kuitwa

Bunyan mwenyewe alieleza jinsi Safari ya Msafiri ilivyoanza. Alikuwa akiandika kitabu kingine juu ya njia ya watakatifu. Ghafla wazo la safari likamjia, kisha jingine, na mengine yakafuata kwa wingi hata akaona yataharibu kitabu alichokuwa nacho. Akayaweka pembeni na kuyaandika peke yake. Wengi waliochunguza maisha yake wanaamini kwamba kazi hiyo ilianzia gerezani. Mwanzoni mwa kitabu msimulizi analala penye pango na kuota ndoto, na Bunyan alieleza kwamba pango hilo ni gereza.

Alipomaliza aliwaonyesha marafiki, na hapo ndipo likaja swali letu. Wengine walimshauri achape. Wengine walikataa, wakisema kwamba ni mambo ya kubuni, kwamba yana giza, kwamba mambo matakatifu hayastahili kuvikwa ndoto. Hao hawakuwa adui zake. Walikuwa waamini wenzake wenye kuipenda kweli.

Aliwajibu kwa shairi refu lililotangulia hadithi. Kwa ufupi hoja yake ni hii: Biblia yenyewe imejaa mifano, vivuli na picha. Kama Mungu alifundisha kwa njia hiyo, haiwezekani njia hiyo iwe uongo. Nasi tunaweza kuongeza mifano tunayoijua. Nathani alipomwendea Daudi katika 2 Samweli 12, alianza na habari ya maskini na mwanakondoo wake. Kama angeanza na sheria, pengine mfalme angejitetea. Daudi alihukumu jambo lake mwenyewe kabla hajajua kwamba ni lake. Bwana wetu naye alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kwenda Yeriko. Mwongo anataka usiione kweli. Msimulizi wa mfano anataka uione hata kama hukutaka.

Kitabu kilichapwa London mwaka 1678. Watu maskini walikinunua, na kabla Bunyan hajafa kilikuwa kimechapwa mara 11. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, juu ya safari ya mke na watoto wa msafiri.

Hadithi ni rahisi. Mtu mwenye mzigo mgongoni anatoka katika Mji wa Uharibifu kwenda Mji wa Mbinguni. Anazama katika tope la kukata tamaa. Mzigo wake unaanguka penye msalaba. Katika Soko la Ubatili rafiki yake Mwaminifu anahukumiwa na kuuawa. Baadaye yeye na Tumaini wanakamatwa na jitu liitwalo Kata Tamaa, wanafungwa katika Ngome ya Mashaka na kupigwa. Baada ya siku kadhaa msafiri anakumbuka kwamba muda wote alikuwa na ufunguo kifuani, na ufunguo huo unaitwa Ahadi. Wanafungua na kutoka.

Nilikisoma kitabu hicho mara ya kwanza bila kujua maisha ya mwandishi, nikaupita ufunguo huo haraka. Nilipojua habari za Bedford nilirudi kwenye ukurasa ule. Mtu aliyekataa kutoka gerezani kwa kutoa ahadi yake kwa wanadamu ndiye aliyeandika juu ya gereza linalofunguliwa na ahadi ya Mungu.

Mvua ya mwisho

Bunyan hakuishi kuona uhuru kamili wa dini. Alifungwa tena kwa miezi michache kati ya 1676 na 1677. Mwaka 1688 alisafiri kwa farasi hadi mji wa Reading kumpatanisha baba na mtoto wake waliogombana. Alifanikiwa. Akiwa njiani kwenda London alinyeshewa na mvua kubwa, akashikwa na homa, na tarehe 31 Agosti akafariki katika nyumba ya rafiki yake. Alizikwa Bunhill Fields, London.

Kitabu chake hakikuzikwa naye. Huko Madagascar, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipokataza Ukristo mwaka 1835, waamini walikinakili kwa mkono na kukisoma kwa siri, maana walijitambua ndani yake. Kimetafsiriwa katika lugha 80 hivi za Afrika. Wakongo waliosoma toleo la Kikongo waliona ndani yake picha za Waafrika kama wao, wakiwa wamesimama mahali pa msafiri na wenzake. Kule Lesotho, Thomas Mofolo alikulia katika kanisa lililokipenda kitabu hicho, na mwaka 1907 hadithi yake juu ya kijana anayetoka kwao kumtafuta Mungu ilitoka katika kitabu, mojawapo ya riwaya za kwanza kabisa zilizoandikwa kwa lugha ya Kiafrika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mama yangu, toa kitabu chini ya mto. Si kila riwaya inafaa, na si kila yenye msalaba kwenye jalada ni njema. Ipime hivi: je, inaita dhambi dhambi? Je, inaonyesha neema bila kuiuza rahisi? Je, ukiifunga unatamani kufungua Biblia? Isiyokupeleka huko iache.

Kama hujui pa kuanzia, anza na Safari ya Msafiri. Wanaosoma Kifaransa watakipata kwa jina la Le Voyage du pèlerin. Familia isome jioni sehemu ndogo, mtoto mmoja asome kwa sauti na wengine waulize maswali. Mtakapofika Ngome ya Mashaka simameni kidogo, na kila mmoja ataje ahadi moja ya Mungu anayoikumbuka. Katika siku hizi ambapo wengi wetu tumelala mbali na nyumba zetu na hatujui kesho, si vyema kufa ndani ya ngome huku ufunguo uko kifuani.

Bwana awabariki na kuwalinda njiani.