Vitruvius na Ukuta wa Miaka 80

Vitruvius alikuwa msanifu majengo na mhandisi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya 1 KK. Wengi wanamfahamu kupitia mchoro wa Leonardo da Vinci wa mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, kwa kuwa vipimo vya mwili katika mchoro huo vina asili katika maandishi yake. Katika somo la uwekaji hesabu tunamkumbuka kwa jambo dogo zaidi, ambalo ni hesabu ya ukuta.

Alianza kazi jeshini, akashughulikia utengenezaji na ukarabati wa mitambo ya kurusha mishale na mawe. Kwa mapendekezo ya Octavia, dada yake mtawala Augustus, aliendelea kulipwa, hivyo hakuogopa ufukara uzeeni. Jengo tunalojua kwa hakika kuwa alilisimamia ni moja tu, ukumbi wa mahakama na biashara katika mji wa Fano. Uzeeni, akiwa mgonjwa na uso umekunjamana, aliandika vitabu kumi juu ya ujenzi na kumtunukia Augustus.

Gharama zilimsumbua sana. Alisifu sheria ya mji wa Efeso iliyomtaka msanifu ataje gharama mapema na kuweka mali yake rehani. Gharama zikizidi makadirio kwa zaidi ya robo, ziada hiyo ilitozwa kutoka katika mali yake. Vitruvius alitamani Roma nayo iwe na sheria kama hiyo.

Katika kitabu cha pili anaeleza jinsi ukuta unaotumiwa na nyumba mbili ulivyothaminiwa. Ukuta wa kokoto na chokaa hudhoofika kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kumdai jirani gharama yote ya zamani ni kumwonea. Wathamini walitafuta kwanza gharama ya awali katika kumbukumbu za hesabu, kisha wakatoa sehemu moja ya themanini kwa kila mwaka uliopita. Kilichobaki ndicho kilicholipwa. Maana yake ni kwamba ukuta wa namna hiyo ulikadiriwa kudumu miaka 80. Tuchukue ukuta uliogharimu dinari 800: uchakavu wa mwaka ni dinari 10, baada ya miaka 30 ni dinari 300, na thamani iliyobaki ni dinari 500.

Hiyo ndiyo njia ya fungu sawa unayotahiniwa. Tofauti ni kwamba Warumi hawakuacha thamani ya mabaki, wala hawakuwa na mfumo wa kuingiza mara mbili. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wanasahau kutoa thamani ya mabaki kabla ya kugawanya. Cherehani ya kiwandani iliyonunuliwa kwa sh. 900,000, yenye mabaki ya sh. 100,000 na maisha ya miaka 8, huchakaa kwa sh. 100,000 kila mwaka. Debiti Akaunti ya Uchakavu, krediti Akaunti ya Limbikizo la Uchakavu. Akaunti ya Cherehani yenyewe haiguswi, hubaki na sh. 900,000. Mwisho wa mwaka wa tatu, Mizania itaonyesha sh. 900,000 kutoa limbikizo la sh. 300,000, yaani sh. 600,000.

Kwa ukuta wa matofali, Vitruvius anasema wathamini hawakutoa chochote maadamu ulisimama wima. Ulihesabiwa kwa gharama yake ya kwanza. Usiige hilo katika mtihani. Siku hizi jengo la matofali huchakazwa pia, na mali ambayo kwa kawaida haichakazwi ni ardhi.

Zoezi: Ukuta wa kokoto uligharimu dinari 1,200, na nyumba ya jirani inauzwa baada ya miaka 20. Kokotoa thamani ya ukuta kwa kanuni ya Kirumi, kisha urudie ukikadiria mabaki ya dinari 400.