Mzee Botvinnik na kijana wa Riga

Safari hii siwaletei kiongozi wa uhuru wala mwanariadha. Nimemchagua mhandisi wa umeme aliyekuwa pia bingwa wa sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita. Sababu yangu ni ya binafsi kidogo. Kila Ijumaa pale bwenini kwetu kuna kijana wa mwaka wa kwanza, na ameshanifunga mara saba mfululizo. Jamaa harudi nyuma, ni kushambulia tu, kete zake anazitoa kama hazina thamani, na mimi na miaka yangu thelathini nabaki kutoka jasho. Ndipo nikaenda kumsoma Mikhail Botvinnik, maana naye yalimkuta.

Alizaliwa 1911 huko Kuokkala, si mbali na St Petersburg. Alijifunza sataranji akiwa na miaka 12, na kwa bingwa huko ni kuchelewa. Mwaka 1925 Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, alifika Leningrad akacheza na watu wengi kwa mpigo. Yule mtoto, miaka 14, akamfunga. Hata hivyo shule hakuacha, bwana. Alisomea uhandisi wa umeme mpaka udaktari, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa kazini katika mambo ya umeme mjini Perm. Mwaka 1948 akawa bingwa wa dunia. Smyslov alimnyang'anya taji 1957, akalirudisha 1958.

Halafu 1960 akaja Mikhail Tal wa Riga, miaka 23. Wacheza poka wanamjua mtu wa namna hii: anapandisha dau kila zamu, awe na karata au hana, na wewe huwezi kujua lini anadanganya. Katika mchezo wa sita Tal alitoa farasi sadaka. Watazamaji wakapiga kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Baadaye wachambuzi walikaa na ule mchezo kwa utulivu wakaona sadaka ile ilikuwa na tundu. Sawa, lakini Botvinnik alikuwa na saa mbili na nusu tu kwa hatua 40, na saa inakwenda. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Tal. Hakuhitaji kuwa sahihi, alihitaji kukupa maswali mengi kuliko dakika ulizobakiwa nazo. Mechi ikaisha 12½ kwa 8½. Mzee alishinda michezo miwili tu.

Watu wengi wakaona amekwisha. Alikuwa anakaribia miaka 50, na kanuni zilimpa haki ya mechi moja ya marudiano. Kwa kweli angeweza kuikataa akabaki na heshima yake na mitambo yake ya umeme. Yeye akakaa chini kuichambua michezo aliyofungwa, kama sisi tunavyofungua mashine iliyoungua kutafuta waya gani ulianza.

Mwaka 1961 akaja mtu mwingine. Hakujaribu kuwa mkali kuliko Tal, na hakujificha pia. Alitafuta kubadilishana malkia mapema, akaufunga uwanja wa kati, na mara nyingi alipocheza na kete nyeusi alitumia ulinzi wa Caro-Kann, ambao hauna mbwembwe. Yaani alimpeleka kijana kwenye michezo mirefu yenye kete chache, ambako hakuna moto wa kuwasha. Tal alipolazimisha shambulio ambalo halipo, mzee alichukua alichopewa bila kutetemeka. Matokeo 13 kwa 8: alishinda kumi, akafungwa mitano, sare sita.

Wako wanaosema Tal alikuwa mgonjwa wa figo, na ni kweli alikuwa mgonjwa. Lakini mimi sikubali kwamba ni figo tu. Ugonjwa unaweza kukuchosha, ila nani aliyechagua vita ipiganwe wapi? Na ukumbuke kwamba hata katika mechi hiyo Botvinnik alifungwa mara tano. Kubadili mbinu hakukumkinga na maumivu, kulimpa hesabu nzuri zaidi kwa jumla.

Petrosian alimvua taji 1963, na safari hiyo haki ya marudiano ilikuwa imeshafutwa. Aliacha mashindano 1970, akaingia kwenye kazi ya kuifundisha kompyuta sataranji. Kompyuta yake haikufika mbali, lakini wanafunzi wake walifika: Karpov, Kasparov na Kramnik, wote mabingwa wa dunia. Alifariki Moscow mwaka 1995.

Ijumaa iliyopita nilibadilishana malkia kwenye hatua ya tisa. Kijana akanuna, akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo. Tulitoka sare, saa tano usiku.