Ashoka, mfalme aliyejutia ushindi wake

Ashoka wa ukoo wa Maurya alitawala sehemu kubwa ya India tangu mwaka 268 hivi hadi 232 hivi kabla ya Kristo. Makao yake yalikuwa Pataliputra, mji ambao leo unaitwa Patna.

Katika mwaka wa nane wa utawala wake aliivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki iliyo katika jimbo la Odisha la sasa. Alishinda. Kwa hesabu aliyoichongesha mwenyewe kwenye miamba, watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na wengine wengi zaidi wakafa. Wafalme wa kale walichonga hesabu za namna hiyo kwa kujitapa. Ashoka alizichonga kwa kujuta.

Hata hivyo, hakubadilika kwa siku moja. Alikiri hadharani kwamba baada ya kuwa mfuasi wa Buddha alipitisha mwaka mmoja hivi bila bidii kubwa. Alianza kujitahidi alipowaendea watawa na kuwa karibu nao.

Buddha alifundisha kwamba mateso yana mizizi ndani ya moyo: tamaa, chuki na ujinga. Ashoka aliyapeleka mafundisho ya namna hii kwa raia. Kwenye nguzo za mawe alieleza kwamba mtu huona mema aliyotenda lakini haoni mabaya yake. Akayataja yanayomponza mtu: ukali, ukatili, hasira, kiburi na wivu.

Matendo yakafuata. Jikoni mwa ikulu, ambako wanyama wengi mno walichinjwa kila siku, walibaki tausi wawili na paa mmoja, naye paa si kila siku. Barabarani vilichimbwa visima na kupandwa miti ya kivuli. Watu na mifugo walipatiwa matibabu. Waliohukumiwa kifo walipewa siku tatu kabla ya kuuawa. Na watumishi wake waliruhusiwa kumletea shida za wananchi saa yoyote, hata akiwa mezani.

Hakuwa malaika. Kalinga hakuiachia, adhabu ya kifo hakuifuta, na jamii za misituni alizikumbusha kwamba majuto yake hayakumwondolea nguvu. Tena yale maandishi ya majuto hayakuchongwa katika Kalinga yenyewe. Huko aliweka mengine, akiwaita watu wote watoto wake.

Baadaye hati aliyoitumia ilisahaulika, hadi James Prinsep alipofaulu kuisoma mwaka 1837. Tangu 1947, gurudumu la nguzo yake limo katikati ya bendera ya India.

Majuto ni mjukuu, nayo huja wakati waliokufa hawarudi. Ashoka aliyapokea akiwa mshindi, bila adui wa kumlazimisha, akayafanyia kazi kwa miaka iliyobaki. Ukomavu wa moyo huanzia hapo: mtu kuyatazama mabaya yake mwenyewe wakati bado ana nguvu za kuyaficha.