Johannes Rebmann na Neno Kupona

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Voi, afikapo Maungu akatupa macho upande wa kusini, huuona mlima uliosimama peke yake katikati ya nyika. Huo ndio Kasigau, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, ambao chini yake vimetandaa vijiji vya Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe. Mnamo Oktoba 1847, kijana Mjerumani wa miaka 27 aliufikia mlima huu kwa miguu baada ya kuivuka nyika kavu ya Taru. Katika maandishi yake aliuita Kadiaro. Jina lake ni Johannes Rebmann.

Wengi wetu tulifundishwa kuwa Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imeyafunika mengine. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa upande usiotajwa sana, nao ni maombi ya kuombea uponyaji na mabadiliko ya roho, pamoja na swali linaloyaandama maombi hayo popote yafanywapo: je, mgonjwa asipopona, maombi yamekwenda wapi?

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika ufalme wa Württemberg nchini Ujerumani. Alisomea kazi ya umisionari Basel, Uswisi, kisha akaendelea katika chuo cha shirika la CMS kilichokuwa Islington, London. Alipowasili Mombasa Juni 1846 alimkuta Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili na ambaye tayari alikuwa amefiwa. Mkewe Krapf, Rosine, alifariki kwa homa Julai 1844 pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kwa hiyo Rebmann aliikuta kazi ambayo msingi wake wa kwanza ulikuwa kaburi.

Naye hakukawia kuguswa na homa. Tarehe 25 Agosti 1846, siku walipohamia Rabai kuanzisha kituo, wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikwea mlima wakipokezana punda mmoja, huyu akipanda na yule akijikokota. Watu waliowapokea huko waliwaona wageni waliodai kuleta habari za Mwenye kuponya, ilhali wao wenyewe hawakuweza kusimama imara. Kinaya hiki hakikumwacha Rebmann maisha yake yote.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba maombi ya uponyaji yaliletwa na wageni hawa. Wazee wa kaya za Wamijikenda walikuwa na dua zao za kuomba mvua na afya. Wataita, ambao Wakasigau ni sehemu yao, walikuwa na ibada iitwayo kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Utaita mwanzoni mwa miaka ya 1950, ameieleza kwa kina. Kwa mujibu wa imani hiyo, ugonjwa waweza kutokana na hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa, mzimu au kiumbe mwingine wa kiroho. Mganga wa ramli humtambua mwenye hasira. Ikiwa ni mtu aliye hai, huyo hutia kinywani pombe, maji ya muwa au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka wazi kwamba ameitoa hasira yake na kumtakia mgonjwa heri. Ndipo njia ya kupona inapofunguka.

Tuitazame ibada hiyo kwa makini. Anayeumwa ni mmoja, lakini anayetakiwa kubadilika ni mwingine. Uponyaji wa mwili umefungamanishwa na utakaso wa moyo, wala haukamiliki mtu akiwa peke yake. Mtu aliyelelewa katika fikra hizo hakuwa mgeni wa wazo la kukusanyika kando ya mgonjwa, kuungama na kuomba. Tofauti kati yake na mmisionari ilikuwa juu ya nani aombwe, kwa jina la nani, na ni dhambi ipi itolewe. Hata jina la Muumba halikuwa mbali: Mlungu kwa Wataita, Mulungu kwa Wamijikenda, Mungu kwa Waswahili.

Rebmann hakulitambua jambo hilo kwa wepesi. Kama wenzake wengi wa zama zile, aliziona mila za wenyeji kuwa giza la kufukuzwa. Lakini safari zilimfunza unyenyekevu. Mwaka 1848 aliondoka tena na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, akapita Utaita kuelekea Uchagani, akiwa amebeba mwavuli badala ya silaha. Tarehe 11 Mei aliiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo mwanajiografia William Desborough Cooley aliipinga vikali akiwa Uingereza. Katika safari ya 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia bidhaa zake zote, na mwili ukamdhoofika kwa maradhi. Alipokuwa akiaga, watu walimtemea mate, ambayo kwao yalikuwa baraka ya kumtakia safari ya salama. Mtu aliyekwenda kuwabariki wengine alirudi Rabai akiwa mgonjwa aliyebarikiwa na wale aliowaendea.

Mavuno ya kituo cha Rabai yalikuwa haba. Wa kwanza kuipokea imani alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa viungo, ambaye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Ulemavu wake haukuondoka, na maisha yake hayakurefushwa. Kwa mwenye kuyapima maombi kwa kipimo cha mwili, hapo hapana ushindi. Lakini mtu ambaye jamii ilimhesabu kuwa si kitu alikuwa ndiye mlango wa jamii mpya. Baada yake alikuja Abe Gunja, na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la ubatizo Isaac.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Johann Jakob Erhardt, aliyeshirikiana na Rebmann kuchora ramani maarufu ya ziwa kubwa la bara, naye akaondoka 1855. Rebmann alibaki na mkewe Emma, waliyeoana Misri mwaka 1851. Mtoto wao wa kiume alifariki akiwa mchanga. Uvamizi wa Wamasai wa mwaka 1857 uliwalazimisha kukimbilia Unguja kwa muda. Emma alifariki 1866. Katika miaka hiyo macho ya Rebmann yalianza kufifia, na mwishowe giza likatanda kabisa.

Alifanya nini katika upweke huo? Alikusanya maneno. Kutoka kwa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka pande za ziwa Nyasa, alijifunza lugha ya huko na kuiandikia kamusi, iliyochapishwa 1877. Alichangia pia kamusi ya Kinyika. Aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa, nayo ikachapishwa 1876. Mapokeo ya kanisa humtaja Luka kuwa tabibu, na injili yake imejaa wakoma, vipofu na viwete. Mtafsiri wake ni mtu aliyekuwa akipoteza macho yake mwenyewe.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapopaswa kutua. Katika Kiyunani cha Injili, kitenzi sozo hubeba maana mbili kwa pamoja: kupata afya na kuokolewa. Kiswahili nacho kina kitenzi kupona. Mgonjwa hupona homa, na aliyezama baharini akafika pwani huwa amepona vilevile. Kutokana nacho tunapata kuponya, uponyaji na mponyaji. Kila anayeitafsiri habari ya mgonjwa aliyeguswa na Yesu hana budi kuamua: je, mtu huyu amepona au ameokoka? Chaguo hilo la kisarufi ni chaguo la kiimani pia. Linaamua iwapo msomaji ataona mwili na roho kuwa vitu viwili, au kitu kimoja chenye pande mbili, kama wazee wa Utaita walivyoona katika kutasa.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 katika Afrika ya Mashariki, Rebmann aliondoka Rabai akiwa kipofu. Aliyemshika mkono safari nzima hadi Ulaya ni Isaac Nyondo. Mwanafunzi amekuwa macho ya mwalimu. Rebmann alihamia Korntal, alikokuwa akiishi rafiki yake Krapf, na huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Nyondo alirejea nyumbani.

Akihukumiwa kwa hesabu, Rebmann alishindwa: waumini wachache, familia iliyoangamia, macho yaliyopotea. Kasigau alikopita hakuacha kanisa. Utaita ulingoja hadi 1883, J. A. Wray wa CMS alipoanzisha kituo Sagalla, karibu na Voi. Lakini tukilirudia swali letu la mwanzo, huenda jibu limo katika ule mkono wa Nyondo. Maombi yaliyofanywa kwa pamoja hayakuyarudisha macho ya mgonjwa, ila yalimzaa mtu wa kumwongoza. Mwenye kuumwa hakupona, lakini hakuachwa peke yake. Wazee wa Kasigau, waliojua kwamba ugonjwa wa mmoja huitisha moyo wa mwingine ubadilike, wasingelishangaa.