Louis Leakey: mtoto wa Kabete aliyetafuta asili ya binadamu Afrika

Mwalimu wa biolojia huko Luhwindja, Kivu Kusini, anapofundisha mageuzi ya viumbe hana haja ya kutafuta mifano mbali. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari Waingereza, alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903. Wataalamu wengi walipokuwa wakitazama Asia, yeye alichimba Olduvai, Tanganyika. Mwaka 1959, akiwa kitandani na homa, mkewe Mary aliona fuvu la Zinjanthropus, lenye magego makubwa ajabu. Leakey alimtangaza kuwa babu yetu. Alikosea, na kosa lenyewe lafaa darasani: lilikuwa tawi la pembeni, likakatika. Aliye karibu zaidi nasi ni Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964. Mwaka 1967 Leakey alimtuma Dian Fossey kwa gorila wa Kabara, Kongo. Alifariki London, Oktoba 1, 1972.