Mackay wa Nateete na Maji ya Ardhini

Katika watu waliokaa Nateete zamani, Alexander Mackay hasahauliki. Alizaliwa Rhynie, katika nchi ya Scotland, tarehe 13 Oktoba 1849. Alisomea uinjinia Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Mwaka 1876 alitumwa na Church Missionary Society kuja Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1877 alitengeneza barabara ya maili 230 kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Ilimbidi kufyeka msitu na kuchonga kingo za makorongo ili magari ya ng'ombe yapite.

Mwezi wa Novemba 1878 alifika kwa Kabaka Mutesa. Huko Nateete alijenga, alifua chuma, alipiga chapa vitabu na kufundisha vijana kusoma. Tena alichimba kisima, akatia bomba la kuvuta maji. Watu walipoyaona maji yakipanda walistaajabu, wakadhani ana nguvu za lubaale. Mackay akakana, akawaeleza kuwa yeye ni mtu tu, na bomba ni kazi ya ufundi.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Tarehe 31 Januari 1885, katika enzi ya Mwanga, vijana watatu wa misheni waliuawa karibu na Nateete. Mackay hakukimbia. Alifukuzwa Julai 1887, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa. Huko alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40.

Wenzangu, fundisho la kisima lingali na faida. Maji ya ardhini yana kanuni zake. Yakipenya katika tuta la mto, huchukua udongo chembe kwa chembe, au huulowesha hata ubavu wa tuta ukaporomoka. Kwa nje huenda tusione kitu. Kwa hiyo mainjinia wa leo hupiga vigingi vya chuma juu ya tuta na kupitisha umeme ardhini, kwa kuwa udongo uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mkavu. Lakini udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vyema. Basi huchimba mahali pachache wapate hakika.

Nateete yenyewe, penye mfereji wa Nalukolongo, inayajua mafuriko. Inahitaji vijana watakaojifunza mwendo wa maji kabla ukingo haujabomoka.