Galileo Galilei: Mwalimu Aliyeupima Mwendo

Galileo Galilei alizaliwa mjini Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki, naye alitaka mwanawe awe tabibu. Mwaka 1581 kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu, lakini hisabati ilimvuta zaidi, na mwaka 1585 akaondoka bila shahada. Mwaka 1589 alirudi chuoni hapo kufundisha hisabati. Kisha, tangu 1592 hadi 1610, alifundisha Padua.

Zama hizo wasomi wengi walishika mafundisho ya Aristotle, kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake, na kwamba kitu hakiendelei kwenda pasipo kusukumwa. Galileo hakukubali kupokea jambo lisilopimwa. Kwa kuwa kitu kinachoanguka hupita upesi mno, aliupunguza mwendo kwa kuviringisha gololi katika mfereji wa ubao ulioinamishwa, na muda akaupima kwa uzito wa maji yaliyochuruzika chomboni. Aliona kwamba, katika vipindi vilivyo sawa, umbali hukua kama 1, 3, 5, 7.

Kisha akachunguza kitu kilichorushwa. Aliugawa mwendo wake katika sehemu mbili: wa mlalo, ambao kasi yake haibadiliki, na wa kuanguka, ambao kasi yake huzidi. Miendo hiyo ikiunganishwa, na upinzani wa hewa ukiachwa kando, njia yake ni parabola.

Hapa ndipo lilipo somo letu sisi walimu. Gololi inapoviringika mezani, uzito wake huivuta chini na meza huisukuma juu. Kani hizo zinalingana, kwa hiyo haziubadili mwendo wake. Ikivuka ukingo, msukumo wa meza hukoma na uzito hubaki peke yake. Kimo cha meza kikiwa sentimita 80, gololi hufika sakafuni baada ya sekunde 0.4 hivi, hata kama iliondoka mezani polepole au kwa kasi. Ikiwa iliondoka kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, tunazidisha 2 kwa 0.4: itaanguka sentimita 80 mbele ya ukingo. Muda hutafutwa katika mwendo wa wima, umbali katika mwendo wa mlalo. Hesabu moja iliyotisha imekuwa mbili nyepesi.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa mjini Roma ilimhukumu Galileo kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, akazuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Mwaka 1634 alifiwa na binti yake Virginia, aliyekuwa mtawa. Hata hivyo, katika kifungo hicho alikamilisha kitabu chake juu ya mwendo, kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, naye amekwisha kuwa kipofu. Alikiandika kama mazungumzo ya watu watatu, mmoja wao mfuasi wa Aristotle, ambaye hoja zake hujibiwa hatua kwa hatua. Alifariki tarehe 8 Januari 1642.

Yatupasa kukumbuka kwamba watoto wengi huja darasani na mawazo yaleyale ya Aristotle. Tukiwakaririsha kanuni tu, mawazo hayo yatabaki palepale. Tuwape gololi, meza na rula, wakisie kwanza, kisha wapime.